Jaribio la Printa Siku ya Safari ya Dada Mishi

Jamani, leo nimeaibika mbele ya watu, tena aibu yenyewe ikasomwa kwa sauti. Halafu shangazi yangu, ambaye hasikii vizuri, akaomba irudiwe.

Nawaeleza mwenyewe kabla hamjaipata kwa watu wa mtaani kwetu Bakarani. Huko imeshafika mpaka kwa vijana wa bodaboda, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake.

Asiyenijua: naitwa Swale, ni mtunza stoo katika godauni moja kule Changamwe. Kazini huniita fundi. (Ufundi wenyewe ni huu: siku moja printa ya ofisi iligoma, nikaizima, nikaiwasha, ikafanya kazi. Tangu siku hiyo sina amani.) Ofisi ilipoleta mashine mpya, ile kuukuu nikapewa mimi. Nikaja nayo Kisauni nimeipakata mapajani kama mtoto mchanga.

Nyumbani naishi na dada yangu, Dada Mishi. Kusema naishi naye si sawa. Mimi ndiye ninayeishi kwake. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa bado navaa kaptula ya shule, na Dada Mishi alikuwa ameshaolewa, ana binti mchanga, Asha. Akanichukua. Mume akaenda zake baadaye, mimi nikabaki. Asha naye amekua, kaolewa na kijana anayefanya kazi Maskati, na mwezi uliopita kajifungua pacha. Hawalali, hawali, mume akishika huyu, yule analia. Kwa hiyo Dada Mishi anakwenda kumsaidia. "Mwaka mmoja tu," alisema. Shangazi Fatuma akamjibu kwamba hajaona bibi aliyeshika pacha akarudi baada ya mwaka.

Safari ilikuwa leo.

Na mimi, tangu habari ianze, nimekuwa hodari wa maneno. "Nenda dada, ukapumzike." (Mtu anakwenda kulea pacha, ati akapumzike. Sikuwaza.) "Mimi ni mtu mzima, nitajimudu." Kila siku hivyo, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Nilimnunulia sanduku. Nililipima uzito. Nilimfunza kupiga simu ya video mpaka akachoka nami. Kila mtu akasema Swale amelipokea vizuri jambo hili, alhamdulillahi.

Haya. Leo baada ya adhuhuri, Dada Mishi akanijia na simu yake.

"Swale, tikiti iko humu, sivyo?"

"Imo humo, dada."

"Na ikizima nikiwa mbele ya askari, nitamwonesha nini? Uso wangu? Mimi simu siiamini. Nataka karatasi."

Sasa, chini ya nyumba yetu, mlango unaopakana na ngazi, kuna duka la Mama Shiro. Anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anachapisha. Ukishuka ngazi umefika. Ni mtu wa bara, mcheshi, hana neno na mtu. Ramadhani iliyopita wifi yetu ilipokatika, ndiye aliyetupa paswadi ya wifi yake. "Tumia tu, jirani." Kompyuta yangu ikaihifadhi paswadi hiyo, mimi nikasahau kabisa kwamba imo. (Nyinyi msiisahau.)

Dada akasema, "Nishuke kwa Mama Shiro?"

Nikacheka. Wallahi nilicheka. "Dada, nyumba ina printa na fundi, ushuke kwa Mama Shiro ufanyeni? Kaa na wageni wako. Nakuchapia sasa hivi."

Nikaingia chumbani kwangu, nikafungua kompyuta, nikaagiza tikiti ichapwe. Kioo kikaniambia: printa haipatikani.

Ninaiona! Iko mbele yangu, juu ya kabati, taa inawaka! Haipatikani vipi?

Nikaizima, nikaiwasha. (Ndio ufundi wangu wote huo, nimekwisha kuwaambia.) Haipatikani.

Hapo nikakumbuka kwamba juzi vijana wa wifi walikuja kubadilisha rauta, kile kisanduku chenye taa kinachotoa wifi. Na tangu juzi sikuwa nimechapa kitu. Nikaelewa. Kila kitu kinachotumia wifi, iwe simu au printa, hupewa na kile kisanduku anwani yake, namba ndefu yenye nukta katikati. Kompyuta ikitaka kuchapa, huipeleka karatasi kwenye namba hiyo. Sasa kisanduku cha zamani kimeondoka na anwani zake. Kompyuta yangu ilikuwa inabisha hodi kwenye nyumba iliyobomolewa.

Kazi ikawa ni kuitafuta anwani mpya ya printa. Ndogo hiyo! Nikaizima rauta niiwashe upya, ianze na akili safi.

Sebuleni wageni walikuwa wameshaanza kujaa. Nilisikia sauti ya Shangazi Fatuma, ambaye kwa kuwa hasikii, hudhani na sisi hatusikii. Nilisikia vikombe vya kahawa. Mtu akauliza, "Swale yuko wapi?" Dada akajibu, "Ananichapia tikiti," na nilisikia fahari katika sauti yake. Nikakaza mkono.

Printa yangu haina kioo. Ina vifungo tu. Ukikishika kimoja kwa muda, hutoa karatasi ya kueleza habari zake, pamoja na anwani. Nikakishika. Ikatoa karatasi. Mahali pa anwani pana sifuri tupu. Maana yake haijaunganishwa na wifi yoyote. Nikaenda kwenye rauta, nikabonyeza kitufe cha kuiunganisha, nikarudi mbio nikabonyeza na cha printa. Taa ikapepesa. Ikapepesa. Ikapepesa mpaka nami nikaanza kupepesa macho. Ikazimika.

Nikarudia.

"Swale!" Dada aliita. "Ustadhi amefika, njoo tuombe dua!"

"Labeka, dada! Nakuja sasa hivi!"

Sikwenda. Taa ilikuwa inapepesa, na nilijiambia nikiondoka itazimika tena. Ustadhi akaanza. Namsikia kupitia ukutani anamwombea msafiri, afike salama, awakute wanawe salama, arudi awakute aliowaacha salama. Watu wakaitikia amin. Na mimi nikaitikia amin, peke yangu chumbani, kidole kiko kwenye kitufe.

(Hilo halichekeshi, najua. Mtanicheka kwa mengine.)

Taa ikasimama. Samawati safi, haipepesi! Nikaitaka karatasi ya habari, ikatoka, na safari hii anwani ilikuwepo: 192.168.1.3. Nikaibusu ile karatasi. Nikaketi, nikaingia kwenye kompyuta, nikafuta anwani ya zamani, nikaandika mpya, namba kwa namba, nukta kwa nukta. Kompyuta ikasema: printa iko tayari.

Nikaagiza tikiti. Kompyuta ikasema: imechapwa.

Nikaitazama printa. Kimya.

Nikaifungua tumbo, nikaangalia wino. Upo. Karatasi zipo. Nikaona nisiisumbue na tikiti, niijaribu na kitu chepesi. Nikafungua ukurasa mtupu, nikaandika: *Jaribio.* Nikaagiza. Kompyuta: imechapwa. Printa: kimya.

*Jaribio la pili.* Imechapwa. Kimya.

*Toka basi.* Imechapwa. Kimya.

*Wewe mashine, una nini na mimi?* Imechapwa!

Jasho linanitiririka. Kimya.

Hapo Dada Mishi akaja akasimama mlangoni. Alikuwa ameshavaa buibui jipya, lile alilonunua kwa safari, bado lina mikunjo ya dukani. Ananukia udi. Akaniangalia mimi, akaiangalia ile mashine.

"Swale, hebu iache. Njoo ukae nami kidogo. Gari laja."

"Dakika moja, dada."

"Tangu adhuhuri ni dakika moja."

"Sasa wewe wataka karatasi au hutaki?" Nikamkata kauli hivyo. Sikuinua hata macho.

Nikasikia buibui linaburuzika, anarudi kwa wageni.

Nikabaki na ule ukurasa mtupu mbele yangu. Wenzangu, sijui niwaeleze vipi. Mikono ilikuwa juu ya kompyuta, na nilihitaji maneno ya kujaribia. Maneno yoyote. Jaribio nimeshaliandika mara nyingi, limechosha. Nikaandika:

*Dada usiende.*
*Nikitoka kazini nitamwambia nani nimerudi.*
*Wewe ndiye uliyenizoesha. Usiende.*

Nikaagiza. Kompyuta: imechapwa. Printa kimya, na kwa mara ya kwanza nikashukuru kwamba iko kimya. Nililia kidogo. (Kidogo. Msizidishe.) Halafu, kwa sababu mimi ni mjinga wa kuzaliwa, nikawaza: pengine maandishi ni madogo, mashine haiyaoni. Nikayakuza yakajaza ukurasa. Nikaagiza tena. Na sijui mkono uligusa wapi kwenye idadi ya nakala, maana niliona kompyuta inahesabu tu, imechapwa, imechapwa, imechapwa.

Nilikuwa bado naiangalia nilipoisikia sauti kwenye ngazi.

"Hodi hapa! Samahani sana wenye nyumba, najua mko na wageni."

Mama Shiro.

"Karibu, Mama Shiro," alisema Dada. "Umekuja kuniaga?"

"Nakuja kukuaga, mama, Mungu akutangulie. Lakini pia kuna maneno. Hapa ndani kuna mtu ana-print na mashine yangu? Inatoa makaratasi yenyewe tu, customer ameleta CV yake ni-print, nikampatia, akarudi akaniuliza ni nani ametukana mashine kwa CV yake."

Nikaangalia pembeni mwa kioo cha kompyuta, pale panapoonesha jina la wifi. Si yetu. Ni ya Mama Shiro. Nilipoizima rauta yetu, kompyuta iliona wifi imekatika, ikatafuta nyingine inayoijua, ikaenda kwa jirani ikakaa. Haikunirudia. Na huko kwa Mama Shiro, ile anwani inayoishia na tatu ni ya printa yake. Kila rauta hugawa namba zake, na namba zafanana kama vile kila mtaa ulivyo na nyumba namba tatu. Mashine yake na yangu ni za kampuni moja, kwa hiyo ilipokea kila kitu bila swali.

Kila kitu.

Niliruka. Kiti kikaanguka. Nilipofika mlango wa sebule, Mama Shiro alikuwa ameshayapanga yale makaratasi mkononi na ameinua miwani.

"Hii hapa imeandikwa 'Jaribio'. Ingine, 'Jaribio la pili'. Ingine, 'Toka basi'. Nikashtuka, nikadhani nafukuzwa kwa duka langu! Ingine, 'Wewe mashine, una nini na mimi?'"

Sebule nzima ikacheka. Ustadhi alicheka mpaka kofia ikasogea. Dada Mishi akanitazama, anacheka, akasema, "Fundi!"

Nikanyoosha mkono. "Lete, Mama Shiro, ni zangu, ahsante, lete."

Lakini yeye alikuwa ameshafunua inayofuata, na mdomo wake ulikuwa ushaanza.

"Na hizi zingine zote zinasema, 'Dada usiende...'"

Akanyamaza.

Kicheko kikakatika. Mama Shiro akaniangalia, kisha akamwangalia Dada na sanduku lake, na nikaona anaelewa kila kitu kwa mara moja. Maskini, alitaka kuzificha nyuma ya mgongo.

Shangazi Fatuma akaweka mkono sikioni. "Asemaje?"

"Si kitu, shangazi," nikasema.

"Nimeona mdomo wake watikisika! Asemaje?"

"Inasema... usiende," alijibu Mama Shiro polepole.

"Eh?"

"Usiende."

"Sisikii, mwanangu, inua sauti!"

"DADA USIENDE!" Mama Shiro alipiga kelele. "NIKITOKA KAZINI NITAMWAMBIA NANI NIMERUDI!"

Madirisha yalikuwa wazi. Jirani wa ng'ambo alitoka barazani. Mtoto mmoja chini akauliza, "Nani aenda wapi?"

Nataka muelewe nilivyosimama. Mtu mzima, nina ndevu, nina kadi ya kazi shingoni (sijui kwa nini niliivaa leo, sikwenda kazini), na maneno yangu ya moyoni yanasomwa na mwenye duka la kopi kwa sauti ya kuuzia samaki. Na yako nakala nyingi. Moja ilimponyoka, ikapeperushwa na feni, ikatua miguuni mwa Ustadhi. Akaiokota, akaisoma, akaikunja vizuri, akaiweka mezani kifudifudi. Mungu ampe kheri.

Dada Mishi akanyoosha mkono. Mama Shiro akampa moja. Dada akaisoma, midomo ikitikisika. Alipomaliza akarudia mwanzo. Kisha akavuta mtandio akajifunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi sikujua kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua.

"Swale," alisema chini ya mtandio. "Siku zote hizi waniambia nenda dada, nenda ukapumzike."

"Nilikuwa... nafanya majaribio tu, dada."

"Majaribio."

"Ndiyo. Ya printa."

Akajifunua uso. Wanja ulikuwa umemchirizika. Alilitazama sanduku, kisha akaketi kwenye kochi, akauvua mkoba begani, akauweka chini.

"Basi siendi."

Jamani, hapo ndipo aibu ilipogeuka kitu kingine. Wanawake wakaanza wote kwa pamoja. Mishi wee, tikiti imeshalipwa! Mishi, mtoto anakungoja! Yeye ametulia tu, mikono mapajani, kama mtu aliyefika nyumbani.

"Asha ana mume," alisema. "Huyu ana nani?"

"Ana mashine!" alisema Shangazi Fatuma, kwa sauti ileile.

Na mimi, wenzangu, nilipata nilichokiomba. Nusu saa kabla ningetoa chochote kusikia neno hilo. Nikaliona kochi na yeye juu yake, nikaona jioni zote zikirudi kama zilivyokuwa, nikirudi kutoka Changamwe nimechoka, nikifungua mlango nikisema nimerudi, na sauti kutoka jikoni ikiniitika. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Kunyamaza! Kazi rahisi mno.

Nikamwona Asha. Juzi alipiga simu ya video, nywele timutimu, pacha mmoja begani anapiga kelele, akamuuliza mama yake, "Waja kweli?" Sauti ya mtoto. Na Dada alimjibu, "Naja mwanangu, naja."

"Dada," nikasema, "hiyo karatasi si yangu. Imetoka kwa Mama Shiro."

Hakucheka mtu. Sikuwalaumu.

Nikaona sina maneno mengine, nikiyatafuta nitalia mbele ya Ustadhi. Nikalishika sanduku. Nikalibeba kichwani, ingawa lina magurudumu, nikawapita wote nikashuka nalo ngazi. Gari lilikuwa limeshafika. Nikaliweka nyuma, nikafunga buti, nikasimama pale nimeligeuzia gari uso na nyumba mgongo, maana sikutaka kuona kama anashuka au hashuki.

Muda mrefu ulipita. Dereva akauliza, "Twangoja nani?"

Kisha nikasikia ngazi, na ile harufu ya udi. Dada Mishi akasimama kando yangu.

"Karatasi ya tikiti iko wapi?" aliuliza.

Mama Shiro alikuwa nyuma yake na lile furushi lote. Tikiti ilikuwemo. Ndiyo iliyotoka kabla ya zote, imenyooka, wino safi. Mashine yake yachapa vizuri kuliko yangu, sina budi kusema.

Tulikwenda uwanja wa ndege sisi watatu, mimi, Dada na Shangazi Fatuma. Foleni ya magari pale Makupa ilitukalia. Shangazi alilala. Dada alinishika mkono njia nzima kama vile mimi ndiye ninayesafirishwa, na kila tulipokaribia kuzungumza, mmoja wetu aliangalia dirishani.

Nikadhani yamekwisha. Hayajakwisha.

Mlangoni mwa uwanja wa ndege kuna askari wa kike anayekagua tikiti. Foleni ndefu nyuma yetu. Dada Mishi akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa, akampa. Yule binti akaikunjua. Akaiangalia. Akamwangalia Dada.

"Mama, hapa pameandikwa usiende."

Ile ya herufi kubwa! Ameibeba! Iliwaka mkononi mwa askari kama bango la duka, hata mwenye toroli wa mwisho angeisoma.

"Nani kasema asiende?" aliuliza bwana mmoja nyuma yetu.

Shangazi Fatuma, ambaye kutwa nzima hakusikia kitu, hilo alilisikia. Akaninyooshea kidole. "Huyu hapa."

Foleni nzima ikageuka. Askari akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, akaikunja ile karatasi polepole, akamrudishia Dada kwa mikono miwili.

"Pole, kaka yangu," alisema. "Lakini ataenda."

Dada akaitoa tikiti yenyewe. Binti akaitupia jicho. "Hata kwenye simu ingetosha, mama. Siku hizi hatuhitaji karatasi."

Mmesikia? HATUHITAJI KARATASI. Kutwa nzima nimejifungia na mashine. Dua imenipita. Dada alinijia mlangoni amevaa buibui jipya, anataka nikae naye kidogo, nikamkata kauli. Kwa karatasi ambayo haikuhitajiwa.

Wasindikizaji hawaingii. Dada akanishika kola ya shati akainyoosha, ingawa ilikuwa imenyooka. "Gesi ukizima, funga na kule juu kwenye mtungi," alisema. "Wewe hufunga huku chini tu."

"Sawa, dada."

"Na leo ulinikata kauli."

"Nisamehe, dada."

"Nimeshakusamehe kwenye ngazi." Akamkumbatia Shangazi, akaingia.

Tuliweza kumwona kupitia kioo. Akafika penye mashine ya kukagulia mizigo, wakamwambia avue viatu, akavua. Akasimama amevishika mkononi, mdogo kuliko ninavyomjua, anageuka huku na huku kututafuta kwa macho. Nikapunga mkono. Nikapunga yote miwili. Nadhani kioo kilikuwa kinang'aa upande wake. Akatazama pale nilipo, sawasawa, na hakuniona. Kisha akaitwa, akaenda.

Nilisimama pale mpaka Shangazi akanivuta shati.

Tulirudi kwa gari, tukapita Nyali. Hapo Shangazi akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kuamsha mtaa, "Wewe Swale, hiyo mashine huiandikia kila siku, au leo tu?"

Dereva alicheka mpaka akakosa njia ya kuingilia Bakarani.

Nimefika nyumbani magharibi. Nimefungua mlango, na kwa mazoea nikasema nimerudi. Nimesema kwa sauti kamili. Kisha nikasimama na viatu mguuni, sijui nifanye nini na mkono wangu wa kulia, ule Dada alioushika njiani, mpaka simu ikalia.

Ni yeye, bado yuko uwanjani, wanangoja kuitwa. Nyuma yake nasikia mtangazaji anataja miji. Mimi nikajiandaa kwa maneno mazito. Nikasafisha koo.

"Swale," akasema. "Umekula?"

"Nimekula, dada. Nimeshiba."

"Umekula nini?"

"Chakula."

Akanyamaza. Kisha wakawaita, akakata.

Kwa hivyo naomba asinicheke mtu, angalau mpaka kesho. Na nyinyi mtakaopata namba yake ya Maskati, akiwauliza, mwambieni nimekula.